Newbern, Alabama: wanafunzi walijenga ofisi ya mji, ufunguo ukabaki kwa nani?

Kuna kamji kanaitwa Newbern, kako Alabama kusini mwa Marekani, sensa ya 2020 ilihesabu watu 133 tu, yaani vitongoji vingi vya kwetu vinakapita mbali. Senta yake ni barabara moja inayoshuka kutoka Greensboro, kama kilomita 16 hivi, kuna posta, majengo machache ya zamani, halafu ghafla unakutana na majengo 3 ambayo hukutegemea kuyaona sehemu kama ile. Kituo cha zimamoto cha mbao na plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ofisi ya mji iliyojengwa kwa magogo ya mraba ya saipresi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na maktaba ndani ya jengo lililokuwa benki. Yote 3 yamechorwa na kujengwa kwa mikono na wanafunzi wa chuo kikuu.

Watu wa usanifu na mipango miji wengi wanakijua hiki kisa kwa ile sehemu ya picha nzuri, na picha kweli ni nzuri, sikatai. Ila mimi nataka tukipitie chote mpaka kwenye kufuli, maana ile ofisi ya mji ilikuja kufungiwa meya halali wa mji, na hapo ndo pana somo kubwa kwa sisi tunaopenda kusema "tulishirikisha jamii".

Kwanza mahali penyewe. Newbern iko Hale County, katikati ya eneo wanaloliita Black Belt, jina lilianza na udongo mweusi, udongo ule ndo ulileta mashamba makubwa ya pamba, na pamba ikaleta watumwa, kwa hiyo mpaka leo sehemu kubwa ya wakazi wa ukanda ule ni Weusi, wajukuu na vitukuu vya waliolima pale bila kulipwa. Pamba ilipopungua na mashine zilipoingia watu wakahama kwenda Birmingham, Chicago, Detroit, waliobaki wakabaki na ardhi kidogo au bila ardhi, baadae wenye mashamba wengine wakachimba mabwawa ya kambare. Senta za vimiji hivi zikafa taratibu, duka moja linafunga, benki inafunga, anayetaka kitu cha maana anaendesha gari kwenda mji mwingine. Hakuna siku moja unayoweza kuionyesha kwa kidole ukasema hapa ndo mji ulikufa.

Sasa mwaka 1993 walimu wawili wa usanifu wa Auburn University, Samuel Mockbee na D.K. Ruth, wakaanzisha kitu kinaitwa Rural Studio. Wazo lao lilikuwa la moja kwa moja: mwanafunzi wa usanifu anamaliza miaka 5 darasani hajawahi kumjengea mtu maskini hata choo, basi tumtoe kampasi tumpeleke akaishi vijijini huko huko, achore na ajenge mwenyewe. Na kampasi kuu ya Auburn iko upande wa mashariki wa jimbo, Hale iko magharibi, ni safari ya masaa karibu matatu kwa gari, kwa hiyo hii siyo ile fildi ya asubuhi kwenda jioni kurudi hosteli. Wanahamia. Wa mwaka wa tatu wanakaa semista nzima, wa mwaka wa tano wanakuja kwa timu ndogo na kupewa mradi wao wa mwisho, na wengi hawaumalizi kwa wakati, wanahitimu, wanavaa joho, halafu wanarudi saiti kumalizia paa kabla hawajaenda kutafuta kazi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa jembe walipewa kweli.

Miaka ya mwanzo kazi nyingi zilikuwa nyumba za mtu mmoja mmoja, hasa sehemu inaitwa Mason's Bend. Nyumba ya kuta za marobota ya nyasi kavu, kanisa dogo ambalo upande mmoja wa paa ni vioo vya mbele vya magari aina ya Chevrolet, vitu vya namna hiyo. Dunia ikashangaa, Mockbee akapata tuzo ya MacArthur, ile tuzo kubwa ya Marekani ya watu wabunifu, mwaka 2000, mwisho wa 2001 akafariki kwa saratani ya damu. Aliyeshika usukani baada yake ni Andrew Freear, Muingereza, na chini yake kazi ikageuka kidogo, badala ya nyumba moja ya ajabu wakaanza kuuliza mji mzima unahitaji nini. Binafsi naona huu mgeuko ulikuwa wa muhimu kuliko tuzo zote, maana nyumba ya ajabu inamsaidia mwenye nyumba na mpiga picha, ila kituo cha zimamoto kinamsaidia hata yule asiyejua kuna wanafunzi mtaani.

Hicho kituo ndo walianza nacho katikati ya Newbern, miaka ya 2004 na 2005. Lilikuwa jengo la kwanza jipya la umma kujengwa pale ndani ya miaka 110. Hebu fikiria hapo, vizazi vinne vinazaliwa, vinaoa, vinazeeka na havijawahi kuona mji wao unajenga kitu kwa ajili yao. Na zimamoto kule vijijini ni ya kujitolea, ni majirani ambao simu ikilia wanaacha kazi wanakimbilia gari, sasa gari la maji lazima lilale mahali pa maana. Halafu kuna suala la bima, Marekani kampuni za bima ya nyumba huangalia kituo cha zimamoto kiko umbali gani na kina uwezo gani, kwa hiyo gari kuwa na banda lake ni hela mfukoni mwa mwenye nyumba hata kama nyumba yake haitawahi kuungua. Watoto wa chuo wanaochora banda la gari, inaonekana kazi ndogo, ila ni kazi iliyogusa bajeti ya kaya.

Kisha 2011 ikaja ofisi ya mji, pembeni ya zimamoto, kati ya majengo hayo mawili wakaacha uwanja ambao watu wanaweza kukutana. Ukuta wake ni magogo ya saipresi yenye upana wa inchi 8 kwa 8, karibu sentimita 20, hakuna ukuta ndani ya ukuta, gogo lenyewe ndo linabeba paa, ndo linazuia joto na baridi, ndo urembo. Nimependa sana uamuzi huu kwa sababu mji wa watu mia na kitu hauna hela ya kumwita fundi kila mwaka, ukiwapa jengo lenye tabaka 10 za vifaa vya dukani umewapa mzigo. Ndani ni ukumbi wa vikao, baraza la mji linakaa pale, kura zinapigwa pale. Shikilia hilo la kura, tutalirudia.

2013 maktaba. Jengo la benki ya zamani, ndogo, limekaa tu barabarani, wanafunzi wakaligeuza kuwa maktaba na kuliongezea sehemu nyuma, watoto wakitoka shule wanaingia pale, kuna kompyuta, na ndo ikawa sehemu ya kwanza Newbern ambapo mtu yeyote anaingia na kupata intaneti bila kuuliza bei. Kati ya yote 3 hii ndo naiona ilifufua senta kweli, maana zimamoto inafunguka kukiwa na moto na ofisi inafunguka kukiwa na kikao, maktaba inampa mtu sababu ya kuja mjini siku ya kawaida. Senta bila watu wa siku ya kawaida ni mapambo tu.

Nje ya barabara ile kuna mengi, zaidi ya miradi 200 tangu 1993, nayapita haraka. Greensboro wana bustani ya mji, Lions Park, wanafunzi walianza kuishughulikia 2006 na kila mwaka timu mpya ikapokea kutoka kwa iliyotangulia, viwanja vya besiboli, vyoo, mpaka sehemu ya watoto kuchezea iliyotengenezwa kwa mapipa ya chuma kama 2,000. Tangu 2005 wana mradi wa nyumba ya dola 20,000, hesabu yake ilitoka kwenye swali moja, mzee anayeishi kwa pensheni ya serikali peke yake anaweza kulipa mkopo wa kiasi gani kwa mwezi, wakarudi nyuma kutoka hapo kupanga nyumba. Na siku hizi wako kwenye maji taka pamoja na vyuo vingine vya Alabama, kwa sababu ule udongo mweusi ni mzito haunyonyi maji, mashimo ya vyoo yanafurika uani kwa watu. Hakuna atakayepiga picha ya bomba la maji taka aweke kwenye kalenda, na ndo maana naona ni dalili nzuri.

Kwa nini haya yalifanikiwa pale wakati miradi mingi ya wanafunzi na jamii inakufa? Jibu langu ni moja, hawakuondoka. Nikiwa chuo na mimi tulipelekwa mji fulani mdogo kufanya mambo ya kuboresha soko, wiki 2, tukagawa dodoso, tukachora ramani nzuri ya rangi, tukawaambia akina mama wa mbogamboga kwamba mapendekezo yao yatafikishwa, tukapanda basi. Mwaka uliofuata wakaenda wengine na dodoso jingine. Mama mmoja aliwauliza, nyie si mlikuja mwaka jana, yale majibu yetu mliyapeleka wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu, na mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu yule mama alitoa muda wa biashara yake kwa kutuamini.

Rural Studio wana nyumba yao pale pale Newbern, walimu wanaishi kule kule, kila mwisho wa mwaka wa masomo wanafanya sherehe ya kuchoma nguruwe na watu wanazunguka na wanafunzi jengo hadi jengo. Kama paa linavuja, mwenye nyumba anajua pa kwenda kugonga. Hiyo tu, kujua pa kwenda kugonga, ina thamani kuliko ripoti yoyote. Greensboro jirani kuna mfano wa aina nyingine, 2009 vijana wabunifu wa kundi la Project M walifungua kaduka ka pai kanaitwa PieLab ili watu wa rangi zote wakae meza moja waongee, wazo zuri, likasifiwa kila mahali, ila waliolianzisha hawakuwa wakazi, wakaondoka, na taasisi ya pale pale inaitwa HERO ndo ikabaki kubeba kazi ya kila siku. Sisemi wale vijana walikuwa wabaya. Nasema pai ya kesho asubuhi lazima kuna mtu wa kuioka.

Haya, sasa twende kwenye kufuli.

Newbern kwa miongo mingi ilikuwa haifanyi uchaguzi wa mji. Zimetajwa hata zaidi ya miaka 60 bila wananchi kupiga kura ya meya. Cheo kilikuwa kinarithishwa, meya anamtafuta wa kumwachia, baraza linajaza nafasi zake lenyewe kwa lenyewe, na waliokuwa wanarithishana walikuwa Wazungu kwenye mji ambao wakazi wengi ni Weusi. Mwaka 2020 mkazi mmoja, Patrick Braxton, Mweusi, mkandarasi na mwanazimamoto wa kujitolea, alichukua fomu akalipa ada kama sheria inavyotaka. Hakuna mwingine aliyechukua fomu. Kwa sheria ya Alabama ukiwa peke yako umepita bila kupingwa, kwa hiyo akawa meya, Mweusi wa kwanza tangu mji uanzishwe 1854. Akateua baraza lake.

Meya aliyekuwepo, Haywood Stokes, na baraza la zamani hawakuachia. Waliitisha uchaguzi maalumu ambao wananchi wengi hawakuwa na habari nao, wakajirudisha wenyewe kuwa madiwani, kisha wakamrudisha Stokes kwenye umeya. Vitasa vya ofisi ya mji vikabadilishwa. Braxton hakupata ofisi, hakupata taarifa za akaunti ya benki ya mji, hakupata barua za mji posta. Alieleza pia kwamba kuna moto alienda kuuzima peke yake, wenzake wa zimamoto hawakutokea. Mwaka 2022 yeye na wenzake wakaenda mahakama ya shirikisho, baadae wanasheria wa NAACP Legal Defense Fund, shirika linalotetea haki za Weusi mahakamani, wakaingia upande wao. Upande wa pili ulikana kwamba kuna ubaguzi.

Sasa rudi kwenye lile jengo la magogo ya saipresi, lenye uwanja wa watu kukutana, lililochorwa kwa moyo na vijana wa miaka 22, 23, waliobaki bila mshahara kumalizia. Ndo hilo. Mlango ni ule ule.

Kuna watakaosema wanafunzi hawana kosa, wao walijenga, siasa si kazi yao. Ni kweli hawakubadilisha kitasa wao. Lakini mimi sioni kama inaishia hapo. Chuo kikisema mteja wetu ni mji, mji kisheria ni meya na baraza, wao ndo wanaoandika barua, wanaotoa kiwanja, wanaopokea jengo siku ya makabidhiano. Na hapa meya na baraza walikuwa ni watu ambao hawakuwa wamesimama mbele ya wapiga kura. Kwa hiyo jengo la umma lilikabidhiwa kwa uongozi ambao umma haukuuchagua, 2005 mara moja, 2011 mara ya pili. Unaweza kukaa na watu miaka 18 ukajua nani paa lake linavuja, nani ana sukari, nani mtoto wake kafaulu, na bado usiwe umeuliza hapa meya anapatikanaje. Au ukauliza, ukajibiwa, ukaona bora kazi iendelee. Naelewa kabisa kwa nini mtu angechagua kuendelea, nyumba zinahitajika, watoto wanahitaji maktaba, ukigombana na baraza unafungiwa kila kitu. Ila kuelewa siyo kuridhika.

Neno "jamii" ndo linatuponza. Tukiwa kwenye fildi tunaandika "jamii ilishiriki kikamilifu" halafu ukichunguza ni mwenyekiti, rafiki zake watatu na bibi mmoja aliyekuwa anapita. Jamii ina wenye ufunguo na wasio na ufunguo. Kwa Newbern mstari huo ulipita kwenye rangi, sehemu nyingine unapita kwenye ukoo, chama, wenye viwanja na wapangaji, wazawa na wakuja. Mradi wa kufufua senta ya mji bila kujua mstari unapita wapi unaishia kuwapa wenye ufunguo mlango mzuri zaidi.

Hata hivyo kuna upande mwingine ambao nimeufikiria sana na sitaki kuuacha. Kama lile jengo lisingekuwepo ingekuwaje? Mji ungeendeshwa kutoka sebuleni kwa mtu au nyuma ya duka, na Braxton angekuwa anafungiwa nje ya kitu ambacho hakionekani. Kwa sababu kulikuwa na ofisi halisi, barabarani, inayojulikana na kila mtu kuwa ni ya wote, kitasa kilipobadilishwa kila mpita njia aliweza kuelewa nini kimetokea. Jengo la umma likifungwa linapiga kelele. Sidhani wale wanafunzi walilichora kwa ajili hiyo, ila hiyo kazi limeifanya, na kwangu mimi hii ndo sababu bado naunga mkono vyuo kujenga majengo ya umma katikati ya miji midogo, tena yawe mengi, mradi karatasi ya makabidhiano ionyeshe nani anashika ufunguo, nani anashika wa pili, na uongozi ukibadilika unakabidhiwaje. Auburn wana walimu wa sheria na siasa, Dar na Nairobi tunao pia, wakae kwenye timu tangu siku ya kwanza pamoja na hawa wa usanifu.

Juni 2024 pande mbili zikafikia makubaliano, Braxton akatambuliwa kuwa meya halali na mji ukakubali kufanya uchaguzi wa kawaida kuanzia 2025. Miaka karibu minne ya muhula wake ilikuwa imeshaenda, hakuna anayeirudisha. Agosti 2025 uchaguzi ukafanyika kweli, safari hii alikuwa na mpinzani, Laird White, watu wakapanga foleni. Braxton kura 66, White 26. Jumla 92, kwenye mji ambao sensa ilihesabu watu 133 pamoja na watoto.